Anselmo Bado Anaita Majina

Likasi, Jumapili. Mvua ilianza alfajiri, na sasa ni saa tisa alasiri, bado inanyesha. Tumerudi kutoka misa tukiwa tumelowa hadi soksi. Moyo wangu ni mzito tangu Alhamisi na sababu naijua vizuri, kwa hiyo leo siandiki habari za barabara wala za wajukuu.

Blogu hii ina wasomaji kumi na wanane, na nusu yao ni ndugu zangu. Ndugu zangu, nisameheni. Leo mtajua jambo ambalo sijawahi kuwaambia.

Wiki mbili zilizopita mwanamke anayeitwa Luciene aliniandikia kutoka Brazili, kwa Kifaransa kile cha kutafsiriwa na simu. Alikuwa ameiona picha niliyoiweka hapa mwaka jana: timu yetu ya kampuni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tumejipanga mistari miwili mbele ya goli. Pembeni amesimama mzungu mrefu mwenye masharubu, mikono ameiweka nyuma. Huyo ni baba yake. Anaitwa Anselmo, na alikuwa mwalimu wetu wa makipa.

Luciene anakusanya maisha ya soka ya baba yake katika daftari moja kubwa. Ana vipande vya magazeti tangu Anselmo akiwa kijana anayedaka katika timu ya kiwanda cha nguo, katika mji mdogo ambao jina lake siwezi kulitamka. Ana picha za zile timu ndogo za mikoani alizozichezea miaka kumi na mitano, akilala kwenye mabasi. Ana hata tiketi ya ndege ya kuja kwetu. Kisha kurasa nne tupu, moja kwa kila mwaka wa Afrika. Baada ya hapo Anselmo hakugusa mpira tena, na hakusema kwa nini.

Sasa ni mzee, na kumbukumbu zimemtoka. Mtaa wake mwenyewe haujui. Ila kila siku baada ya chakula cha mchana anasimama, anashika karatasi yoyote iliyo karibu, anavaa miwani na kuita: "Kalala." Anangoja. "Kalala." Anangoja tena. Anaita mara ya tatu, kisha anawatazama mmoja mmoja waliokaa mezani, kama vile mmoja wao anapaswa kusema kitu. Hakuna anayesema. Basi anaketi, na mpaka jioni hataki hata maji.

Luciene aliuliza maswali mawili tu. Kalala ni nani? Na baba akimwita, tujibu nini?

Jibu ninalo. Ni neno moja.

Alhamisi nilimwandikia kwamba Kalala alikuwa mchezaji fulani aliyehama timu, kwamba wazee hushika jina lolote bila sababu, na kwamba ni vizuri wasiseme kitu, wamwache atulie. Nikamtumia na picha yangu nimevaa jezi ya kipa, nikaandika chini yake: mwanafunzi wake mpendwa. Nilibonyeza kutuma, nikaenda kula, nikarudisha sahani ikiwa imejaa.

Nianze mwanzo.

Tuliposikia kampuni inatuletea Mbrazili, mji mzima ulikuwa na homa. Tulimngoja mtu wa kupiga chenga. Akashuka mtu wa miaka karibu arobaini, goti moja bovu, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimepinda kama misumari iliyogongwa vibaya. Mashabiki walivunjika moyo hadharani. "Mu-Brésilien gani wa kucheza na mikono?" aliuliza mmoja siku ya kwanza ya mazoezi, na uwanja wote ukacheka. Anselmo hakuelewa, naye akacheka nao. Nadhani tulianza kumpenda hapo.

Kiswahili alijifunza maneno kama thelathini, yote ya goli. "Yangu!" "Acha!" "Muntu nyuma!" Akienda sokoni kununua nyanya aliyatumia hayohayo, na akina mama walimwelewa.

Jioni, baada ya mazoezi, alikaa nasi makipa wawili nyuma ya nyavu na kutusimulia kazi yake. Hakujisifu. Hadithi aliyoirudia zaidi ni ya mwaka mmoja alipochukuliwa na timu kubwa ya jijini akiwa kipa wa tatu. Mwaka mzima hakucheza hata dakika moja. Alivaa vizuri, alikula vizuri, na kila mkesha wa mechi jina lake lilisomwa mwisho wa orodha, naye akaitika. Alisema hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote: kuitwa na kuitika. Alisema mtu anaweza kuishi mwaka mzima kwa kitu kidogo kama hicho, lakini bila hicho hawezi. Mimi, kipa wa pili, nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Kipa wa kwanza alikuwa Kalala. Alifanya kazi katika maabara ya kiwanda, mimi nilikuwa kwenye pampu. Alizaliwa Likasi, akabatizwa parokia yetu, akavunja jino lake la mbele kwenye ngazi za shule yetu. Baba yake ndiye aliyetoka mkoa wa Kasai, zamani, kwa kazi za reli. Kalala mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona.

Timu yetu ilikuwa na desturi yake, na bila kuielewa hiyo hutaelewa chochote. Jumamosi saa kumi orodha ya mechi ya Jumapili ilisomwa katika chumba cha kubadilishia nguo. Ukiitwa unasema "Niko." Lakini tulikuwa watu wa zamu, na daima kuna aliyekuwa kiwandani saa hiyo. Basi aliyekuwa zamu aliitikiwa na mwenzake wa nafasi ileile: "Iko!", yaani yupo. Neno hilo likishatoka, hakuna aliyegusa nafasi yake mpaka mpira uanze. Hata kama mkubwa wa kiwanda ana mpwa wake anayetaka kucheza. Beki aliitikiwa na beki. Kipa aliitikiwa na kipa.

Anselmo aliipenda desturi hiyo kupita kiasi, mpaka akapewa yeye kazi ya kusoma orodha. Alituambia kwamba katika timu zote alizopita hakuwahi kuona mtu akimshikia nafasi yule anayemzuia kucheza. Jina likiitwa mara moja bila jibu, aliita tena, na tena, mpaka mara tatu. Alitaka kumpa mtu muda wa kukumbuka mwenzake.

Mimi na Kalala tuliitikiana miaka mitatu. Jumamosi moja nilikuwa nimelala nyumbani nimezidiwa na lutuku, pombe ile ya mahindi inayokung'oa miguu, wala sikuwa na zamu yoyote. Kalala aliitika "Iko!" uso mkavu kama padri, kisha akaja kwangu na ndoo ya maji baridi.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na mbili.

Waliokuwapo hawahitaji kuambiwa. Kiwanda kilianza kufa kipande kwa kipande. Pampu ikiharibika tulichukua chuma cha nyingine kuitengeneza, mpaka zikabaki zile za kuvuliwa tu. Unga wa kampuni ukawa unakuja mwezi huu, mwezi ujao hapana. Na watu wenye njaa wakapewa maelezo rahisi: waliokula nafasi zenu ni watu wa Kasai, warudi kwao. Ilisemwa kwenye mikutano, ikasemwa sokoni, mwishowe ikasemwa na watu ambao jana yake walikula pamoja nao. Mwisho wa kiangazi familia zilianza kubeba magodoro kwenda stesheni. Zilingoja treni hapo chini, juani, wiki baada ya wiki, na mbele ya stesheni pakawa mji mwingine wa mikeka na sufuria.

Kalala alihamia huko siku ya Jumatano, yeye, mke wake na watoto watatu. Vijana walikuwa wamekuja nyumbani kwake mara mbili, na mara ya pili walikuja na petroli.

Ijumaa mke wake alikuja kwangu. Hakuingia ndani, alisimama kwenye kibaraza akitazama barabara. Alisema mume wake anataka kucheza Jumapili. Treni haijulikani, anaishi chini kama mzigo, anataka kudaka mara moja tu kabla ya kuondoka. Anselmo amekubali kumfuata mwenyewe na kumpitisha getini. Kinachotakiwa ni nafasi yake ishikwe kesho.

"Anasema umuitikie," aliniambia. "Anasema weye unajua."

Nilisema sawa.

Jumamosi saa kumi chumba kilijaa. Watu wa kamati ya timu walikuwapo, na mlangoni walisimama vijana wawili nisiowajua, mikono wameikunja kifuani. Anselmo alivaa miwani yake. Makipa husomwa kwanza.

"Kalala."

Nilitazama viatu vyangu.

"Kalala," alisema tena, bila haraka. Nilisikia mtu akikohoa. Nilijua Anselmo ananitazama, kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa na haki ya kusema. Beki hawezi kumwitikia kipa.

"Kalala."

Aliingoja sana hiyo ya tatu. Kisha mtu wa kamati akanyoosha mkono, akachukua karatasi taratibu kutoka vidoleni mwake. "Bon," akasema. "Pascal, njo weye utacheza kesho. Uko?"

Nikasema: "Niko."

Kwa miaka mingi nimejitetea kwa bibi yangu. Mama wa mama yangu alitoka Kasai, na wachache walikumbuka. Nilijiambia kwamba ningefungua mdomo siku ile, mtu angekumbuka, na mimi pia ningebeba godoro. Ni kweli niliogopa. Nimemwambia hivyo padri, nimemwambia hivyo mke wangu, Mama Christine, na wote wawili walinihurumia.

Lakini sikunyamaza kwa ajili ya bibi. Nilitaka kucheza. Miaka mitatu nilikuwa naitazama jezi ambayo mwingine anaivaa, na siku ile mlango ulifunguka, nikaingia.

Jumapili nilicheza vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Nilidaka mipira ambayo sijawahi kuidaka, watu wakaimba jina langu, wakanibeba. Nilitafuta benchi kwa macho. Kiti cha Anselmo kilikuwa kitupu.

Hakurudi tena uwanjani. Jumatatu hiyo watu walimwona akipita na mpira kwapani, anashuka kuelekea stesheni. Jumanne vilevile. Jumatano nilichukua baiskeli nikaenda kutazama, kwa mbali, nimejificha nyuma ya ukuta kama mwizi wa kuku.

Walikuwa wameweka masanduku mawili ya bati, hatua saba kati yao. Kalala amesimama katikati, miguu peku, na Anselmo na goti lake bovu anampigia mipira: chini kushoto, juu kulia, chini tena. Vumbi limewapanda mpaka nywele. Anselmo anapiga kelele zake zote thelathini, "Yangu! Acha! Muntu nyuma!", na watu waliokaa kwenye mikeka, ambao wengine walikuwa wamezika mtoto wiki hiyo, wanageuza shingo kutazama. Kalala alipodaka mpira mmoja mgumu wa juu, kizee mmoja alipiga makofi. Kisha wengine.

Walibadilishana. Anselmo akaingia kati ya masanduku, Kalala akapiga. Mbrazili wetu alijirusha kwenye mawe ya stesheni kama kijana wa miaka ishirini.

Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho, Luciene. Ukurasa wako mtupu ni huo. Haikuandikwa na gazeti lolote na haikuwa na timu wala matokeo, na mimi niliyekuwa mwanafunzi wake nilisimama nyuma ya ukuta.

Kalala aliniona. Mpira ulikuwa mikononi mwake. Alinitazama muda wa kutosha kunijulisha kwamba ameniona, kisha akampa Anselmo mpira wakaendelea.

Treni iliwachukua baada ya majuma mengi. Anselmo naye aliondoka kabla ya Krismasi, kwa taxi-bus ya Lubumbashi, na kutoka huko sijui kwa njia gani. Tulijipanga kumuaga. Alimpa kila mtu neno lake, hata mfua jezi. Aliponifikia mimi alinipa mkono, nikahisi vile vidole vilivyopinda, nikangoja. Hakusema kitu. Na timu haikumaliza msimu. Jezi ambayo kwa ajili yake nilimuuza rafiki yangu, niliivaa mara nne tu.

Jana Luciene alinijibu. Alimsomea baba yake barua yangu ya Alhamisi. Anasema mzee alisikiliza yote kwa adabu, akaangalia picha yangu, akatikisa kichwa. Alisema neno moja la lugha yao: stesheni. Kisha akachukua karatasi akaanza upya kuita.

Nilimsomea Mama Christine ujumbe huo asubuhi ya leo, kabla ya misa, nikamweleza na ile sehemu ambayo sikumwambia kamwe. Habari ya jezi, kwamba nilitaka kuivaa. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Hakukasirika kama nilivyotegemea.

"Sasa weye," alisema, "muzee wa bantu anaita kila siku, anaita bule, na jibu uko nayo. Juu ya nini unamunyima?"

Nilimwambia siwezi kuwafundisha akina Luciene waseme neno lile mezani kama kasuku. Kuitikia mtu ni kusema kwamba yupo, anakuja. Mimi nitajuaje kama Kalala yupo?

Alimaliza kufunga kitambaa chake. Alijua kama ninavyojua kwamba namba ninayo. Mpwa wa Kalala alirudi Likasi, anauza vitenge sokoni, na miaka minne iliyopita aliniandikia namba ya mjomba wake huko Mwene-Ditu, Kasai, bila mimi kuiomba. Nimeihamisha kutoka simu moja hadi nyingine mara mbili. Sijawahi kuipiga.

Katika misa sikusikia mahubiri.

Saa saba na nusu, mvua ikipiga bati, nilikaa jikoni na kupiga. Iliita muda mrefu. Nilianza kutumaini kwamba hapokei.

"Allô? Ni nani?"

Sauti imezeeka. Nyuma yake kulikuwa na watoto na redio. Nikasema ni minye, Pascal, wa Likasi.

Akawanyamazisha watoto. Kisha: "Pascal wa pompe?"

Nikasema ndiyo. Hakukata. Nikamweleza kwa haraka, kama mtu anayeogopa salio kumwishia: Anselmo ni mzima lakini akili imemtoka, kila siku anasimama mezani na karatasi, anaita jina lako mara tatu, na hakuna anayeitika. Nilisikia redio ikizimwa upande wa pili.

"Mpaka leo?" akauliza.

"Mpaka leo."

Kisha akauliza lile ambalo nimelikimbia zaidi ya miaka thelathini, na alilisema polepole, bila kupandisha sauti. "Na weye, ile siku, kinywa yako ilikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya bibi. Yalikuwa mdomoni tayari.

"Nilitaka kucheza, Kalala," nikasema. "Njo ile tu, hakuna ingine."

Hakunishukuru kwa ukweli huo, wala sikutegemea. Mvua iliendelea kwangu, na kwake mtoto mmoja aliita kaka yake. Niliposikia tena sauti yake ilikuwa karibu na simu, na ilikuwa imebadilika.

"Pale kwabo, ni saa ngapi banakulaka midi?"

Nikamwambia chakula chao cha mchana huwa ni jioni kwetu.

"Mupatie ule mutoto wake namba yangu. Muambie anipigie mbele muzee aanze kuita, aweke simu pale ku meza. Nitaitika minye mwenyewe."

Akakata. Hakuniuliza hali yangu, ya mke wangu, ya mji aliozaliwa.

Nimemwandikia Luciene yote, stesheni, masanduku, chumba, viatu vyangu, na chini kabisa nimeweka namba. Amejibu kwa maneno machache tu: asante, na kwamba meza inaandaliwa.

Sasa saa yao ya kula inakaribia. Simu yangu iko hapa pembeni, na najua haitalia, maana mazungumzo hayo ni ya watu wawili na mimi sikualikwa. Ni haki yao. Nitakaa tu hapa mpaka saa hiyo ipite, nikijua kwamba leo mzee anajibiwa.